Mshambuliaji tegemeo yuko benchi mechi ya tatu: arudi lini, na arudi vipi?

Swali: Kocha wa timu ya ligi ya kanda, upande wa Busia ya Uganda, anauliza: "Mshambuliaji wangu alifunga mabao tisa msimu uliopita. Msimu huu amefunga moja katika mechi saba, anachelewa mazoezini, na akipoteza mpira anasimama tu. Nimemweka benchi mechi tatu. Tumeshinda moja, tumetoka sare moja, tumefungwa moja. Mashabiki wanaimba jina lake, mfadhili wa timu anampigia simu bila mimi kujua, na kijana mwenyewe sasa hanisalimii. Niendelee kumweka nje? Na nikimrudisha, nifanyeje nisionekane nimesalimu amri?"

Jibu:

Ndugu kocha, suala la lini litakuwa rahisi ukishajibu hili: yuko benchi kwa sababu gani? Katika maelezo yako sababu ziko tatu na umezifunga furushi moja. Mabao yamekauka, hilo ni la kiwango. Anachelewa, hilo ni la nidhamu. Hakabi, hilo ni la mbinu. Kila moja lina njia yake ya kurekebishwa na muda wake, na benchi pekee haliwezi kuyamaliza yote matatu.

Kama wewe mwenyewe hujayatenganisha, kijana hana namna ya kujua. Mchezaji asiyejua amepoteza namba kwa lipi hajui pia aipiganie vipi, na pengo hilo hulijaza kwa maneno anayosikia mtaani: kocha ana chuki naye, kocha anampa namba kijana wa kwao, kocha amekula hela. Hapo ndipo salamu hukatika.

Tuanze na kiwango, maana huko ndiko hesabu huharibika mara nyingi. Bao moja katika mechi saba linauma, lakini halikuelezi ni nini kimeharibika. Mshambuliaji anayepata nafasi tatu kila mechi na kuzikosa ni tofauti kabisa na yule asiyegusa mpira ndani ya boksi dakika zote tisini. Mpe kocha msaidizi, au mchezaji aliyeumia, daftari na kalamu. Aandike mambo manne tu, kipindi cha kwanza na cha pili kila kimoja peke yake: mara ngapi mshambuliaji amegusa mpira ndani ya boksi la wapinzani, amepiga mashuti mangapi, mangapi yamelenga goli, na timu ilipopoteza mpira ni mara ngapi alimkimbilia mwenye mpira ndani ya sekunde tano. Usiongeze la tano. Mtu mmoja pembeni ya uwanja akipewa mambo manane, ataandika yote nusunusu. Kwa sasa hesabu dakika anazoingia kama mchezaji wa akiba pamoja na mechi ya mazoezi ya katikati ya wiki, na umhesabu vilevile aliyechukua nafasi yake.

Ukikuta mashuti yapo na mpira anaupata ndani ya boksi, basi hana tatizo la kumweka benchi. Anahitaji mazoezi ya kumalizia: mipira 20 hadi 30 baada ya mazoezi ya kawaida, mara mbili kwa wiki, kutoka kwenye pembe zilezile anazopigia siku ya mechi, akiwa na beki mgongoni, si mipira iliyosimama golini bila mtu. Ukikuta hagusi mpira ndani ya boksi, usimtazame yeye kwanza, mtazame anayemlisha. Winga aliyekuwa akipiga krosi msimu uliopita yupo bado? Kiungo umembadilishia kazi? Mabao tisa ya mshambuliaji huwa yana miguu ya watu wengine ndani yake. Na ukikuta kipindi cha kwanza anacheza vizuri kisha cha pili anapotea, hilo ni suala la mwili, na linatupeleka pengine kabisa.

Kabla ya neno la nidhamu kutamkwa, mwili uchunguzwe. Mchezaji wa ngazi yako mara nyingi ana kazi nyingine. Muulize asubuhi anafanya nini. Kijana anayebeba mizigo mpakani tangu alfajiri, au anayeendesha boda mchana kutwa, akifika uwanjani saa kumi jioni miguu imeshatumika. Muulize anakula nini na saa ngapi. Muulize kama aliugua malaria katika wiki sita zilizopita. Malaria inapunguza damu, na mchezaji anaweza kumaliza dawa, akajisikia mzima, lakini akachoka mapema kwa wiki kadhaa baadaye; ukimtazama kutoka pembeni utaapa kwamba anavivia. Mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na wingi wa damu. Mwenye homa hafanyi mazoezi kabisa, hata kama ni mchezaji wako bora na kesho mna mechi ya kupanda daraja.

Sasa kuchelewa. Swali ni moja: je, kanuni ilikuwepo kabla ya kosa, na inawahusu wote? Kama haikuwepo, huwezi kumwadhibu mtu kwa kanuni uliyoitunga kichwani siku uliyokasirika. Iandike leo, isomwe mbele ya wote, nahodha aweke sahihi. Mfano: anayechelewa zaidi ya dakika kumi bila kupiga simu haanzi mechi inayofuata, akirudia ndani ya mwezi, hayumo kikosini mechi moja, mara ya tatu anaitwa kikao na uongozi. Sipendekezi kukata posho. Kwa wachezaji wengi posho ndiyo nauli, na ukiikata leo, keshokutwa umemchelewesha wewe mwenyewe.

Kosa moja lipate adhabu moja, na adhabu iwe na mwisho. Tarehe 31 Desemba 2022 Manchester United walicheza na Wolves. Marcus Rashford alipitiwa na usingizi, akachelewa kikao cha timu, na kocha Erik ten Hag akamweka benchi. Mapumziko yalipofika akaingizwa, akafunga bao pekee la mchezo, United wakashinda 1-0. Sababu ilijulikana, adhabu ilikuwa ndogo na ilimalizika siku ileile.

Linganisha na lililotokea kwa kocha huyohuyo miezi michache baadaye. Septemba 2023, baada ya kufungwa 3-1 na Arsenal, alisema hadharani kwamba Jadon Sancho hakuchaguliwa kwa sababu ya alichoonyesha mazoezini. Sancho akajibu mtandaoni kwamba si kweli, na kwamba anabebeshwa lawama. Akaondolewa mazoezi ya kikosi cha kwanza, hakuomba radhi, na Januari 2024 akaenda Borussia Dortmund kwa mkopo, ambako alicheza hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa mwezi Juni. Huenda kocha alikuwa na haki kuhusu mazoezi. Lakini neno likishasemwa mbele ya kamera, kila upande una heshima ya kulinda, na hakuna anayeweza kurudi nyuma bila kuonekana mdogo. Wewe huna kamera; una kundi la WhatsApp la mashabiki na redio ya mji, na nguvu yake ni ileile.

Kwa hiyo usitamke kamwe neno "kamwe". Roberto Mancini, kocha wa Manchester City wakati huo, alilitangaza jambo la namna hiyo Septemba 2011, baada ya kugombana na Carlos Tevez pale benchini Munich: mchezaji huyo amekwisha kwake. Machi 2012 Tevez alirudi uwanjani na jezi ya Manchester City, Aprili akafunga mabao matatu dhidi ya Norwich, na Mei wakachukua ubingwa. Mancini alipata ujasiri wa kumeza kauli yake. Ni vizuri zaidi usiwe na kauli ya kumeza.

Kuhusu kutokaba, nadhani hapa sehemu ya kazi ni yako. Washambuliaji wengi huambiwa "kaba!" bila kuambiwa lini. Akikimbilia kila mpira peke yake, mabeki wanne wanampitisha huku na huku, na baada ya dakika ishirini anasimama kwa akili tu, kwa sababu ameona hakuna anayemfuata. Mpe alama tatu za kuondokea: beki anapopokea mpira akiwa ameligeukia goli lake, pasi inapokuwa ya juu na inadundadunda (kwenye viwanja vyetu vyenye mabonde hilo hutokea kila mara), na mpira unapoenda kwa beki wa pembeni karibu na mstari. Nje ya hapo arudi akae katikati ya mabeki wa kati wawili, azibe njia ya pasi. Wiki nzima fanyeni zoezi hili: uwanja wa mita 40 kwa 30, sita kwa sita na makipa, vipindi vinne vya dakika nne, mapumziko ya dakika mbili. Bao la kawaida ni pointi moja. Bao lililopatikana ndani ya sekunde sita tangu kunyang'anya mpira ni pointi tatu. Utaona katika vipindi viwili vya kwanza kama hajui au hataki. Kama hajui, mfundishe. Kama hataki ilhali wenzake wote wanakimbia, hapo una sababu safi ya kumweka benchi, na wenzake wameiona kwa macho yao.

Baada ya hayo ndipo mazungumzo, na yafanyike kabla orodha haijasomwa. Mechi ikiwa Jumamosi, zungumza naye Alhamisi baada ya mazoezi, mkiwa mmekaa, kocha msaidizi akiwepo kama shahidi na si kama mwendesha mashtaka wa pili. Dakika kumi zinatosha. Usifanye hivyo Jumamosi asubuhi kwenye basi, wala kwa ujumbe wa simu, wala asijue kwa kuliona jina lake ukutani. Anza na sababu moja tu, ile nzito kuliko zote, na uonyeshe daftari. Kisha mwambie anachotakiwa kufanya, kwa kipimo kinachoonekana, na tarehe ya kukaa tena. Maneno yenyewe yanaweza kuwa mepesi hivi: "Mwanangu, Jumamosi huanzi. Katika mechi ya mazoezi ulipoteza mpira mara kumi na moja, ukaufuata mara mbili. Namtaka mshambuliaji anayeufuata zaidi ya nusu. Tutahesabu Jumanne na Alhamisi, na Alhamisi jioni tutakaa hapahapa." Halafu nyamaza, umsikilize. Mara nyingi hapo ndipo habari ya kweli hutoka: mama mgonjwa, kodi ya nyumba, ahadi ya kiongozi wa klabu ambayo haikutimizwa. Usimfananishe na mwenzake kwa jina, na usifufue makosa ya msimu uliopita.

Yeye pia amekosewa kwa mechi tatu za kimya, kwa hiyo katika kikao cha kwanza mwambie wazi kwamba hukumweleza sababu mapema na kwamba kuanzia leo atakuwa anaelezwa. Hilo halikupunguzii ukubwa. Kinachomfanya kocha aonekane amesalimu amri ni kumrudisha mchezaji Jumapili kwa sababu mfadhili alipiga simu Jumamosi. Ukimrudisha kwa vipimo mlivyokubaliana, hakuna wa kukucheka.

Akiwa benchi, mwili wake usilale. Mechi moja ya dakika tisini ndiyo zoezi zito kuliko yote ya wiki, na asiyeicheza hupoteza pumzi haraka sana. Baada ya kipyenga cha mwisho, walioingia kwa dakika chache na wasioingia kabisa wabaki uwanjani dakika 15 hadi 20: nne kwa nne kwenye eneo dogo, vipindi vitatu vya dakika nne, kisha mbio nane za mita 60 kwa kasi ya karibu na ile ya mwisho, wakirudi kwa kutembea. Waambie tangu mwanzo kwamba ni ratiba ya kila mechi, la sivyo watadhani ni adhabu. Katikati ya wiki tafuta mechi ya kirafiki na timu ya shule au ya mtaa wa jirani, acheze walau dakika sitini.

Siku ya mechi apashe mwili pamoja na wote. Zoezi la kupasha la FIFA 11+ huchukua kama dakika 20 na halihitaji chochote zaidi ya koni na mpira. Mapumziko ni dakika 15. Akae chumbani dakika tano za kwanza akusikilize, kisha atoke akimbie. Kipindi cha pili apashe kila baada ya dakika kumi, asisubiri kuitwa. Mchezaji aliyekaa saa nzima kwenye kiti cha plastiki, kisha akaamriwa avue jaketi na kukimbia kwa kasi ndani ya dakika mbili, ndiye anayeshika nyama za nyuma ya paja mbele ya umati, na lawama zinakurudia wewe.

Kurudi kwake kuwe kwa ngazi. Mechi ya kwanza dakika 20 hadi 25, na aingie mchezo ukiwa bado wazi, mko sare au mnaongoza kwa bao moja. Usimwingize dakika ya 85 mkiwa nyuma 3-0. Akishindwa kubadili matokeo mmewathibitishia wote kwamba hafai, na akifunga bao la kufutia machozi mashabiki watakuuliza ulikuwa wapi. Mechi ya pili mpe kipindi kizima. Ya tatu aanze, kama daftari linasema ndiyo. Kama kanuni za ligi yenu zinaruhusu wachezaji watano wa akiba kuingia, kumbuka nafasi za kusimamisha mchezo ili kubadilisha ni tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Panga tangu mapema nafasi yake ni ipi ili isiliwe na majeruhi wa dakika ya sabini.

Matokeo ya mechi tatu zilizopita, ushindi, sare na kufungwa, yaache kando. Ni machache mno kukuambia kama timu ni bora bila yeye. Penalti moja ingeyageuza yote.

Mfadhili ni jambo gumu kuliko mashabiki. Nenda kwake wewe mwenyewe, pamoja na mwenyekiti, na umwombe jambo moja: kijana asikie habari za namba yake kutoka kinywa kimoja. Usimpe daftari lako wala usijadiliane naye majina. Mweleze kwamba simu zake zinamwambia kijana hana haja ya kukimbia, kwa sababu njia ya kurudi inapita kwake. Kwa mashabiki na redio jibu liwe lilelile kila wiki: yumo kikosini, anafanya mazoezi, orodha hutoka siku ya mechi. Mwombe nahodha amsogelee mwenzake, ila asimtumie kama mpelelezi, maana chumba cha kubadilishia nguo hugundua upesi.

Liko pia suala la mkataba. Benchi ni haki ya kocha. Kumnyima mshahara, kumtenga na mazoezi ya timu au kumnyang'anya jezi ili aondoke mwenyewe si haki ya mtu yeyote. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinahesabu vitendo vya kumnyanyasa mchezaji ili avunje mkataba kuwa sababu halali ya yeye kuuvunja. Akinyimwa mishahara ya miezi miwili bila uhalali, anaweza kutoa notisi ya maandishi ya siku 15 na kuondoka asipolipwa. Na mchezaji wa kulipwa aliyekwisha kukomaa, akishiriki chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu katika msimu, anaweza kudai kuvunja mkataba kwa sababu ya kimichezo ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Katika msimu wa mechi 30 hiyo ni chini ya mechi tatu, kwa hiyo wewe bado uko mbali. Mkataba wa ndani husomwa pamoja na kanuni za FUFA, shirikisho la soka la Uganda. Waombe viongozi wako nakala. Kama kijana hana mkataba, ana makubaliano ya mdomo tu, hilo ni pengo la klabu, na wakati huu wa ugomvi ndio mbaya zaidi kulijaza. Subirini arudi uwanjani kwanza.

Kama wiki nne zikipita, vipimo viko wazi, mwili ni mzima, na bado hakimbii wala hafiki kwa wakati, mwambie mapema kabla dirisha la usajili halijafunguka ili atafute timu, na uendelee kumfundisha kama wengine hadi siku ya kuondoka.

Bado yuko mtu mmoja ambaye hukumtaja hata kidogo katika swali lako: kijana aliyeshika namba yake kwa mechi hizi tatu. Siku mshambuliaji wako anaporudi kuanza, huyu ndiye anayekwenda benchi, na huenda hajakosea lolote. Mwite naye Alhamisi ileile, na daftari lake mkononi. Mwambie alichofanya vizuri kwa namba, anachopungukiwa, na dakika unazotarajia kumpa Jumamosi. Kama daftari linaonyesha amemzidi mwenzake, basi mwenye mabao tisa asubiri.